Ukianza kuandika historia ya reli fupi ya vijijini Marekani

Usitafute mwaka mmoja wa kujengwa na mwaka mmoja wa kufungwa. Tenganisha hati ya kampuni, kuanza kwa ujenzi, treni ya kwanza, treni ya mwisho, kibali cha kufunga na kung'olewa kwa reli. East Broad Top ya Pennsylvania ilipata hati mwaka 1856, lakini ujenzi ulianza 1872. Ikaacha kubeba makaa ya mawe mwaka 1956, reli zikabaki palepale, na 1960 sehemu yake ikafufuliwa kwa ajili ya watalii.

Magazeti ya zamani yasome kwa tahadhari. Yalishabikia kila mradi, na njia nyingi zilizotangazwa humo hazikuwahi kulazwa hata taruma moja.

Anzia kwenye ramani za tathmini, yaani ramani za kila njia zilizochorwa kutokana na sheria ya mwaka 1913 iliyoagiza mali za kampuni za reli zithaminiwe. Nyingi ziko kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka, College Park, Maryland. Usiishie kwenye mchoro. Jedwali la viwanja linaloambatana na ramani linaonyesha nani aliuza ardhi, lini, na mauzo yaliandikishwa wapi. Ukiwa na hayo, karani wa kaunti anakutolea hati ya mauzo bila kubahatisha.

Tangu 1920, kufunga njia kulihitaji kibali cha tume ya serikali kuu iliyosimamia reli. Jalada la maombi hayo ni hazina: tani za nafaka au mbao, mapato, gharama ya mataruma mapya. Ila kumbuka kampuni ilikuwa inajitetea kwamba inapata hasara, kwa hiyo soma pia ushahidi wa wenye vinu na wakulima waliopinga.

Ukifika kwenye njia yenyewe, angalia ubavu wa reli. Maandishi kama 8540, kisha 1911 na vijistari sita, yanasema ratili 85 kwa yadi (kama kilo 42 kwa mita), Juni 1911. Huo ni mwezi reli ilipotoka kiwandani. Kampuni ndogo zilinunua reli zilizokwisha kutumika kwingine, kwa hiyo njia inaweza kuwa kongwe kuliko chuma chake, au changa.

Kampuni ndogo ikizaliwa baada ya sheria ya 1980 iliyolegeza masharti ya serikali kwa reli, tafuta kumbukumbu za awali za njia yake kwa jina la kampuni kubwa iliyoiuza njia hiyo.