"Kila kitu kipo kichwani mwangu": nibaki Mtwara au niende Dar?

SWALI

Shikamoo Mama. Nina miaka 31, naishi Shangani, Mtwara. Nilisoma uhandisi wa kompyuta, na huu ni mwaka wa sita nahudumia seva, mtandao na mizani ya kielektroniki kwenye kampuni inayohifadhi korosho. Nipo peke yangu, na msimu ukianza Oktoba silali. Sasa bosi anataka kunipa ukuu wa kitengo cha TEHAMA, ila nyongeza ya mshahara ni ndogo. Rafiki yangu wa chuo naye ananiita Dar es Salaam, kwenye kampuni inayohamishia mifumo ya wateja kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Mke wangu ni muuguzi hapa mjini na tuna mtoto wa miaka miwili. Hata nikitaka kuondoka naona tabu, maana kila kitu kipo kichwani mwangu. Nielekee wapi?

Msomaji, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: "kila kitu kipo kichwani mwangu." Umelitaja mwishoni kama jambo la kupita, lakini mimi naona hapo ndipo pa kuanzia.

Nilipokuwa na umri kama wako nilifanya kazi kwenye ofisi moja Lindi. Kila usiku seva ilinakili data kwenye diski ya nje, taa ya kijani inawaka, nami narudi nyumbani moyo mweupe. Msimu wa ufuta umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski za seva zikaungua. Nikachomeka ile ya nje. Majina ya mafaili yote yapo, ndani hamna kitu. Kwa miezi kumi na moja sikuwahi kujaribu kurudisha hata faili moja. Tulikaa wiki tatu tukiingiza upya stakabadhi za wakulima kutoka kwenye makaratasi. Mzee mmoja alikuja siku nne mfululizo kuulizia malipo yake, anakaa kwenye benchi nje, haongei. Sura yake ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla ya Dar na kabla ya ukuu, jipe miezi mitatu ya kukitoa kichwani kilichomo. Chora ramani ya mtandao wako: swichi ipi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, iko ghala lipi, waya upi unakwenda mzani gani, kila kifaa na anwani yake. Nywila kuu ziingie kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya mhasibu. Nakala za data ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kisha kila mwezi rudisha mfumo mzima kwenye mashine tupu huku ukishika saa. Mwombe bosi akupe kijana wa mafunzo kwa vitendo, umfundishe hadi aizoee kazi. Siku utakayokwenda Masasi ukakaa wiki nzima bila kupigiwa simu, hapo utachagua ukiwa huru. Na kazi hiyo ndiyo utakayoieleza kwenye usaili wowote, ukiwa na michoro mkononi.

Ukuu wa kitengo sikushauri uupokee hivi hivi. Kitengo cha mtu mmoja ni kazi ileile na vikao juu yake. Bosi akikubali kwa maandishi kukupa msaidizi na bajeti, hapo mzungumze.

Wingu ni ujuzi wa kweli na unalipa, lakini kulisoma hakukulazimu kuhama Shangani. Unahitaji kompyuta, bando na usiku wako. Tena unakumbuka Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikazorota nchi nzima? Anayejua kuendesha kazi wakati intaneti haipo anahitajika Dar na hapa pia.

Ninachokuombea ukitazame kwa makini ni mitandao ya viwandani. Hapo Madimba, mkoani kwako, wanasafisha gesi ya Mnazi Bay, nayo imekuwa ikisukumwa kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam tangu 2015. Msijute kuna kiwanda cha saruji. Kote huko valvu, mota na vipimo vinaongozwa na PLC, zile kompyuta ndogo za mitambo. Wewe tayari unaunganisha mizani na seva, mlango umeshaushika. Ila tabia za huko ni nyingine. Ofisini unaizima seva usiku ukaweka programu mpya. Kiwandani unasubiri mtambo usimamishwe kwa matengenezo, maana ukikosea mtu anaweza kuumia. Modbus, lugha ambayo mashine nyingi bado zinazungumza, ilitoka 1979 na haikuwekewa nywila yoyote. Yeyote aliyeingia kwenye mtandao huo anaweza kuamrisha. Mhandisi anayejua kuutenganisha na mtandao wa ofisi ana kazi ya kufanya, na kijana wa Dar hana Madimba mlangoni kwake kama wewe.

Vyeti viwili tu. CCNA, cheti cha kampuni ya Cisco, ikunyooshee msingi wa mitandao. RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat cha kusimamia mfumo endeshi wa Linux, naipenda zaidi, kwa sababu mtihani wake hauna maswali ya kuchagua: unakaa mbele ya mashine ya Linux na kuitengeneza. Vyote hudumu miaka mitatu, basi usivifanye kwa mpigo. Na kama hujajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anza. Miaka sita ya kazi bila usajili inaniuma kwa niaba yako.

Mkeo mshirikishe sasa, kabla rafiki yako hajakutajia mshahara. Uhamisho wa muuguzi una foleni yake, na mtoto wa miaka miwili ana bibi yake jirani, nadhani.

Niandikie tena ukishajaribu kurudisha hizo nakala. Nataka kujua ulitumia saa ngapi.