Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Joto Mbugani na Kwenye Seti

Mwezi huu barua nyingi zilikuwa za watengenezaji wa filamu wanaotaka kutumia kamera za joto. Tumechagua sita.

Nilikodi kamera ya joto nikaijaribu mbugani saa nane mchana. Swala na nyasi vilitoka rangi moja, na kuna mahali swala alionekana mweusi kuliko udongo. Je, kamera ni mbovu? (Msomaji, Lang'ata)

Kamera ni nzima, saa ndiyo mbovu. Kamera hii haihitaji mwanga hata kidogo. Inachosoma ni tofauti ya joto kati ya kitu na kilicho nyuma yake. Saa nane mchana udongo umechomwa na jua hadi umepita joto la ngozi ya mnyama, kwa hiyo mnyama ndiye anayeonekana baridi, yaani mweusi. Tena kuna vipindi viwili kwa siku, baada ya jua kuchomoza na jioni linapozama, ambapo joto la nyasi na la ngozi hulingana kabisa na mnyama akapotea machoni pa kamera ingawa wewe unamwona vizuri.

Piga kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili kasoro alfajiri. Ardhi imepoa usiku kucha, mnyama hajapoa. Usiku wa Julai huku Nairobi, joto likishuka hadi nyuzi 12 hivi, utapata picha kali kuliko usiku wa Mombasa wenye nyuzi 25 na hewa nzito ya unyevu. Mvua ikinyesha, ahirisha: maji huvipa vitu vyote joto linalokaribiana, na ukungu mzito hupunguza kinachofika kwenye lenzi. Wanaosema kamera ya joto hupenya ukungu wowote wanauza kamera.

Tunapiga tukiwa ndani ya gari. Dirisha likifungwa, naona sura yangu mwenyewe. Likifunguliwa, vumbi linaingia kwenye lenzi. (Msomaji, Rongai)

Kioo cha kawaida huzuia mionzi ya joto yenye urefu wa mawimbi wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 8 hadi 14, ambayo ndiyo kamera nyingi za aina hii husoma. Kwa kamera, dirisha ni ukuta unaong'aa. Ndiyo sababu lenzi zenyewe hutengenezwa kwa jemaniamu, madini yanayopitisha mionzi hiyo, badala ya kioo, na ndiyo sababu bei yake inauma.

Fungua dirisha, kisha funika mdomo wa lenzi kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, ile inayouzwa kwa roli supamaketi. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini hiyo ya jikoni ipo. Iwe tabaka moja tu, iliyovutwa bila mikunjo. Chagua ya polithini, kwa kuwa ya PVC, plastiki ya aina nyingine, hupitisha joto pungufu. Ipime kwanza: elekeza kamera kwenye kiganja chako bila nailoni, kisha nayo. Kiganja kikififia sana, tafuta roli nyingine. Zima injini pia. Mtikisiko wake unaonekana kwenye lenzi ndefu, na hewa moto ya boneti hucheza mbele ya picha.

Ninunue kamera ya namna gani kwa filamu ya wanyama? Bei zinatofautiana mno. (Msomaji, Kilimani)

Angalia kwanza idadi ya fremu kwa sekunde. Kamera nyingi za bei nafuu hutoa fremu 9 tu, kwa sababu sheria za Marekani za kuuza nje vifaa hivi hulegea kwa kamera za kasi hiyo. Ukiziingiza kwenye filamu ya fremu 25, simba anatembea kwa kurukaruka, na hakuna programu itakayolitibu hilo vizuri. Tafuta 30 au zaidi, umuulize muuzaji mapema kuhusu kibali cha kuitoa kamera nchini kwake.

Pili ni pikseli. Sensa, yaani kipokezi cha joto ndani ya kamera, ya pikseli 160 kwa 120 ni ya fundi wa umeme. Kwa filamu anza na 640 kwa 512. Ukikata juu na chini ubaki na 640 kwa 360, ukiikuza mara 3 kamili unapata 1920 kwa 1080, na kukuza kwa namba kamili hakuachi kingo zenye mawimbi. Sensa ya 1280 kwa 1024, ikikatwa kuwa 1280 kwa 720, hufika 3840 kwa 2160 kwa njia hiyo hiyo.

Tatu ni lenzi, na hapa ndipo wengi hutupa pesa. Gawanya ukubwa wa pikseli kwa urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi), kisha zidisha kwa umbali wa mnyama. Pikseli ya mikroni 12 na lenzi ya milimita 50: ukiwa mita 100, kila pikseli inafunika sentimita 2.4. Tuseme simba ana mita 1.1 begani. Akiwa mita 300 anachukua pikseli 15 tu. Zinatosha kujua kwamba ni simba, hazitoshi kwa sinema. Ukitaka angalau pikseli 100 za kimo, na hicho ndicho kiwango tunachokipendekeza, sogea hadi mita 46 hivi, au tumia lenzi ya milimita 100 ukiwa mita 92. Kwa lenzi ya milimita 19, ambayo huja na kamera nyingi, utahitaji kuwa mita 17. Hapo usishuke garini.

Ukifikiria kuitundika kwenye droni, kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hakitoshi mbugani. KWS, shirika la wanyamapori, lazima nao wakuruhusu, mbali na leseni ya kupiga filamu.

Picha inaganda ghafla, nasikia "tik", kisha inaendelea. Na mtu akiwasha jiko, kila kitu kingine kinakuwa cheusi. (Msomaji, Kasarani)

Ni mambo mawili tofauti. Hiyo "tik" ni kifuniko kidogo ndani ya kamera kinachofunga sensa kwa muda mfupi ili ijisawazishe, la sivyo picha hujaa mistari na chenga. Hutokea mara nyingi zaidi kamera ikiwa bado inapata joto. Iwashe dakika 20 kabla ya kazi, weka usawazishaji uwe wa mkono, na ubonyeze mwenyewe kabla ya kila shoti. Usisahau tu: ukikaa muda mrefu bila kubonyeza, mistari inarudi.

Kuhusu jiko, kamera inagawa ngazi zake za kijivu kati ya kitu baridi na kitu moto kabisa inachokiona. Makaa yakiingia kwenye fremu, yanakula ngazi zote. Funga kiwango kwa mkono, kwa mfano nyuzi 10 hadi 40, makaa yawe doa jeupe tupu na nyuso zibaki na sura. Rekodi kwa nyeupe na nyeusi. Rangi za zambarau na chungwa utaziweka kwenye uhariri ukizitaka, lakini ukizirekodi hazitoki.

Katika drama yetu muuaji anaacha alama ya kiganja ukutani. Inawezekana bila kompyuta? (Msomaji, Umoja)

Inawezekana. Mwigizaji aloweke mkono kwenye maji moto ya kuvumilika, aukaushe vizuri, kisha abonyeze ukuta wa mbao au kadibodi kwa sekunde 10. Asipoukausha, unyevu utapoza ukuta na alama itatoka nyeusi. Kwenye mabati usijaribu: joto husambaa upesi, na mabati mapya huakisi anga na watu waliosimama karibu. Taa za moto zilizomulika ukuta huo mapema pia huacha mabaka, kwa hiyo tumia za LED.

Kibao cha klapa, kile cha kuonyesha namba ya shoti, kikiandikwa kwa kalamu hakisomeki, kwa kuwa wino na kibao vina joto moja. Bandika namba kwa utepe wa alumini. Sauti rekodi kando.

Nataka kumhoji shahidi kwa kamera ya joto ili asitambulike. Ni salama? (Msomaji, Eastleigh)

Si salama kwa yenyewe. Kwa umbali wa meza, sensa ya 640 hutoa umbo la uso, masikio na nywele vya kutosha kwa jirani kumtambua, achilia mbali mwendo na sauti. Toa lenzi kwenye fokasi wakati wa kupiga. Ukisubiri kutia ukungu kwenye uhariri, picha safi itakuwa tayari iko kwenye kadi. Mpige kwa mbali au kwa mgongo, na maneno yake yasomwe na mtu mwingine. Idhini yake iwe ya maandishi, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyokutaka uweze kuithibitisha, na karatasi hiyo yenye jina lake isikae mfuko mmoja na kadi.