Madoa ya kahawia bwawani: acheni kuongeza klorini

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Shangani, Mtwara. Bwawa letu la nyumbani ni la lita 40,000 na tunalijaza maji ya kisima kirefu. Tulipotia klorini maji yaligeuka rangi ya chai, kisha ngazi zikapata madoa ya kahawia. Kijana anayetusafishia akaongeza klorini, wapi. Akamwaga asidi, madoa yakatoka, lakini baada ya wiki mbili yamerudi zaidi. Tufanyeje?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Hiyo rangi ya chai imeshajibu nusu ya swali: maji yako yana chuma. Yakitoka kisimani unayaona safi kwa sababu chuma kimeyeyuka ndani yake. Klorini ikikikuta inakigeuza kutu, na kutu hutafuta pa kukaa. Kwa hiyo kila kopo lililoongezwa lilizidi kutengeneza madoa. Jambo hili linaniumiza kila ninapoitwa: mtu anaona doa, anasema uchafu, anafungua ndoo ya klorini. Klorini hufuta doa la majani ya mwembe au mkorosho. Kutu haiifuti.

Hakikisha hivi. Nunua kidonge cha vitamini C duka la dawa, kikandamize juu ya doa kwa nusu dakika. Ukikiinua ukakuta duara jeupe, ni chuma.

Basi acha klorini ishuke karibu na sifuri, watu wasiogelee siku hizo. Tia unga wa vitamini C, kama nusu kilo kwa bwawa lako, pampu ikizunguka. Madoa yakishaondoka weka dawa ya kushika madini, ili chuma kilichobaki majini kisigande tena, osha filta, kisha rudisha klorini kidogo kidogo hadi miligramu 1 mpaka 3 kwa lita. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, kutu inarudi. Mwisho pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe 7.2 hadi 7.6, na alkali, ile inayozuia pH isiyumbe, iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Alkali ikiwa chini, gramu 700 hivi za baikaboneti ya soda zitaipandisha kwa miligramu 10 kwa lita katika bwawa lako.

Ile asidi iliondoa madoa pamoja na ngozi ya plasta. Sementi ina chokaa, na asidi hula chokaa. Pitisha kiganja kwenye ngazi: pakikukwaruza kama msasa, hapo ndipo kutu mpya inaposhika.

Na wengine mnaosoma, msikubali mtu aje na chupa ya asidi ya betri au mfuko wa mrututu akidai ni dawa ya bwawa. Mrututu ni shaba. Unaua ukijani leo, kesho unakuachia madoa ya kijani-buluu yaliyo magumu kuliko haya. Wala msikaushe bwawa la karibu na bahari ili kulisugua, maji ya chini ya ardhi yanaweza kuliinua likapasuka.

Kubwa kuliko yote, asidi na klorini zisikutane, hata kwa kuchotewa kopo moja. Zikikutana hutoa gesi inayokaba kifua, na vyumba vingi vya pampu ni vidogo, havina dirisha. Kijana akianza kukohoa humo, mtoeni nje kwenye hewa, mwahisheni hospitali, na asirudi mtu kufuata ndoo.