Feni za taa kwa kompyuta ya mezani: tazama plagi kwanza, rangi baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3060 ndani ya kasha lenye kioo mbele na ubavuni, ubao mama wako ni wa MSI wenye chipu ya B550, na unajiuliza kama uchukue boksi la feni sita zenye taa na rimoti, au kwa fedha hiyohiyo ununue feni tatu bora zinazouzwa mojamoja. Walionitangulia wamekujibu kwa rangi na mwonekano. Mimi nitaanza na plagi, kwa sababu boksi la namna hiyo nililinunua Kariakoo mwaka 2021, na kilichoniangusha hakikuwa rangi.

Feni zangu sita zilipendeza kweli siku ya kwanza. Lakini kila waya uliishia kwenye plagi ya matundu sita, ambayo haikuingia popote isipokuwa kwenye kisanduku kidogo kilichokuja nazo, na kisanduku hicho kilivuta umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai kwa ile plagi pana ya pini nne iliyokuwa ikitumika kwenye diski za zamani. Kwa hiyo ubao mama haukuwa na habari nazo kabisa: ukifungua BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao mama wenyewe, kasi ya feni ilisomeka sifuri. Zilizunguka kwa kasi ileile niwapo naandika barua au nasindika video, na usiku wa kwanza mke wangu aliuliza kama nimeleta mashine ya kusaga chumbani. Umeme ulipokatika na kurudi, rangi niliyoichagua ilipotea na feni zikaanza upya na upinde wao wa mvua, nami nikaanza kuitafuta rimoti chini ya mito.

Mwezi wa nane kisanduku kilikufa. Feni zote sita zilikuwa nzima, ila hazikuwa na mahali pengine pa kuchomekwa, na hata visanduku vingine vyenye matundu sita si lazima vipange nyaya kwa utaratibu uleule. Fundi mmoja alinisaidia kukata plagi na kuzisaka nyaya za mota kwa kipimo cha umeme; tukaokoa feni mbili, bila taa.

Feni yenye taa ni vitu viwili vilivyofungwa katika fremu moja, na kila kimoja kina njia yake ya umeme. Mota hutumia volti 12. Ikiwa na plagi ya pini tatu, ubao mama huipunguza kasi kwa kushusha volti. Ikiwa na pini nne, pini ya nne hubeba ishara ya PWM inayoiambia mota izunguke kwa kasi gani huku volti zikibaki palepale, na hapo udhibiti huwa mzuri zaidi kwenye kasi ndogo. Taa nazo ni za aina mbili. RGB ya kawaida (yaani nyekundu, kijani na bluu) hutumia volti 12 na pini nne, na taa zote za feni huwaka rangi moja kwa wakati mmoja. ARGB hutumia volti 5 na pini tatu zenye pengo katikati, na kila taa hupokea amri yake yenyewe, ndiyo maana rangi inaweza kukimbia kwa kuzunguka duara.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilinunua feni moja nzuri ya ARGB, lakini plagi yake haikuwa imezibwa tundu la pengo kama inavyotakiwa, basi iliingia bila ubishi kwenye soketi ya volti 12. Niliona mmweko mweupe mmoja, nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua, na taa hazikuwaka tena hadi leo. Mota iliendelea kuzunguka kama kipofu asiyejua kuwa giza limeingia. Kwenye ubao wako wa MSI, soketi ya volti 5 huandikwa JRAINBOW na ile ya volti 12 huandikwa JRGB. Kwa Gigabyte utaona D_LED na LED_C, kwa ASRock ADDR_LED na RGB_LED. Maandishi hayo ni madogo, kwa hiyo washa tochi ya simu uyasome kabla ya kusukuma chochote. Jihadhari pia kwamba zipo kampuni, hata zenye jina kubwa, zilizowahi kuuza feni za taa zenye plagi ya pini nne iliyo yao peke yao, inayofanana na ya volti 12 ilhali si hiyo.

Kuhusu idadi, hesabu ni fupi. Soketi ya ARGB kwa kawaida hutoa hadi ampia 3. Taa za kawaida za aina hii zinaweza kufika miliampia 60 kila moja zikiwaka nyeupe kamili, hivyo feni yenye taa 12 huhesabiwa miliampia 720. Nne bado zinaingia, ya tano inavuka. Upande wa mota, soketi nyingi za feni huruhusu ampia 1, na feni moja ya milimita 120 mara nyingi haifiki hata 0.3, kwa hiyo kugawa soketi moja kwa feni tatu hakuna tatizo, ila soma namba iliyo kwenye kibandiko cha feni yenyewe.

Sasa tuje kwenye kasha lako, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye tatizo kubwa kuliko feni. Prosesa yako imepangiwa wati 65 na kadi ya picha 170. Jumla yake ni wati 235, karibu sawa na balbu nne za zamani za wati 60 zikiwaka ndani ya sanduku lililofungwa. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuihamisha hewa, na hewa ya chumba changu hapa Dar es Salaam mwezi Januari huwa nyuzi 31 hata madirisha yakiwa wazi. Nilikuwa na kasha la kioo mbele kama lako, lenye upenyo mwembamba ubavuni wa kuvutia hewa. Siku moja niliwasha kijiti cha udi nikakisogeza kwenye upenyo ule nione moshi unakwenda wapi. Feni tatu zilikuwa zinazunguka kwa kasi yote, taa zinacheza, na moshi ukapanda juu taratibu kana kwamba hakuna kitu ndani. Nilipoking'oa kioo cha mbele, moshi ulivutwa wote kabla haujapanda hata shubiri moja. Video ileile iliyoisukuma prosesa hadi nyuzi 84 sasa iliishia 75, bila kununua kitu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza feni, pima nafasi iliyopo kati ya kioo na fremu ya mbele.

Jambo linalosahaulika ni upande wa feni. Hewa huingia kwenye uso wake mzuri na kutokea upande wenye nguzo zinazoshika mota. Ukifunga feni mbele ya kasha, uso mzuri hutazama nje. Ukiifunga nyuma itoe hewa, uso mzuri hutazama ndani, nawe unauona kupitia kioo cha ubavuni. Lakini ukitaka feni ya chini au ya ubavuni iingize hewa, utakachokiona ni nguzo na kibandiko. Watengenezaji wameliona hilo, ndiyo sababu wanauza feni zenye mapanga yaliyogeuzwa. Nunua hizo kwa nafasi hizo, usije ukaigeuza ya kawaida kwa ajili ya urembo ikawa inatoa hewa pale inapotakiwa kuingiza. Napendelea ziingizazo ziwe nyingi kuliko zitoazo, kwa sababu vumbi la mtaa wetu litanaswa kwenye chujio la mbele badala ya kupenya kwenye kila ufa. Chujio lenyewe nalisafisha kila baada ya wiki mbili, na ninapopuliza feni nayashika mapanga kwa kidole yasizunguke ovyo.

Beringi, yaani kile kinachoshika mhimili wa feni uzunguke, nazo zina bei yake. Feni za boksi la bei nafuu mara nyingi huwa na beringi ya kawaida ya bushi, ambayo huanza kukoroma mapema, hasa ikifungwa ikiwa imelala kwenye paa la kasha. Kwenye boksi tafuta herufi FDB, yaani beringi ambayo mhimili wake huelea kwenye mafuta. Usidanganywe na namba kubwa ya mizunguko: feni ikishushwa kutoka mizunguko 1,600 kwa dakika hadi 800, hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na mtu anayelala chumba kimoja na kompyuta anaijua thamani ya desibeli hizo.

Taa zenyewe zipime kwa rangi nyeupe. Nyekundu au bluu kila feni huweza, lakini nyeupe hupatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu kwa uwiano, na feni dhaifu hutoa nyeupe yenye waridi upande mmoja na samawati upande wa pili. Tazama pia kama mwanga umesambaa au unaonekana nukta nukta kama shanga.

Kwa hiyo ningechukua tatu badala ya sita: zote za milimita 120, mota ya pini nne, taa ya volti 5, plagi za kawaida. Arctic P12 PWM PST A-RGB ni mfano wa feni ya aina hiyo, na mota zake huunganishwa moja kwa nyingine. Zile za Lian Li UNI FAN zinazobanana ubavu kwa ubavu ni nzuri sana, lakini nazo hutegemea kidhibiti chao, na mimi nimeshaungua na visanduku. Weka mbili mbele na moja nyuma, ile feni nyeusi iliyokuja na kasha ihamie mbele chini isikoonekana sana. Rangi utazipanga kwa programu ya MSI yenyewe, au kwa OpenRGB ambayo ni ya bure.

Dukani mwombe muuzaji afungue boksi akuonyeshe ncha za waya. Na ukishapima nafasi ile ya kioo, ikiwa haipitishi kidole, tuma picha ya kasha hapa nione kama kioo kinang'oka kwa klipu au kwa skrubu.