Mwalimu wa Ufundi Anajibu: Roketi ya mjomba na viberiti vya mama

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Ipagala, Dodoma. Kaka yangu alikuja likizo kutoka Marekani akamletea mwanangu wa kidato cha pili seti ya kuunga roketi inayoruka. Ndani mna bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, ncha ya plastiki na parachuti. Boksi lina picha ya Mercury-Redstone, roketi ya zamani ya Marekani iliyobeba mtu. Kila kitu kimo isipokuwa injini. Sasa kijana anasema atasaga vichwa vya njiti za kiberiti na kuvishindilia kwenye kipande cha bomba la chuma. Nimemnyang'anya viberiti vyote, naye amenuna siku ya tatu leo. Je, nimekosea? Na bila hivyo itarukaje?

JIBU: Marahaba mama. Hukukosea, na viberiti endelea kuvificha. Vichwa vile vina potasiamu klorati, kitu ambacho hakisubiri kuwashwa: msuguano wa kukisaga au kukishindilia unatosha. Kikiwa ndani ya chuma ni bomu, na kilicho karibu nalo ni vidole na macho ya mtoto.

Lakini usiishie kumkataza, maana mchezo huu ulianza kwa ajili ya vijana wa aina yake. Mwaka 1957, G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, aliandika katika jarida moja la Marekani kuhusu vijana waliokuwa wakiumia kwa kuchanganya fueli za roketi nyumbani. Muuza viatu wa Nebraska, Orville Carlisle, akamwandikia kumweleza kwamba yeye na ndugu yake Robert walikuwa wameshatengeneza roketi ya karatasi inayorudi kwa parachuti, yenye injini ndogo ya kubadilishwa kila inaporushwa. Kanuni iliyotokana na hapo ndiyo inayofuatwa hadi leo: injini hutoka kiwandani tayari, anayejenga roketi hagusi baruti.

Ndiyo maana boksi lenu halina injini. Ile ni baruti, hairuhusiwi kwenye mzigo wa abiria wa ndege, na hapa kwetu baruti ina sheria yake na vibali vyake chini ya Wizara ya Madini. Tafadhali usimwombe kaka aifiche kwenye begi.

Ushauri wangu ni mjenge roketi mbili. Ya seti ijengwe na kupimwa kana kwamba itaruka kesho. Pacha wake awe wa karatasi ya manila, na huyo ataruka wiki hii hii kwa hewa. Nunueni kipande cha bomba la plastiki la mafundi umeme, la milimita 20, na kona yake moja. Zungushieni manila juu ya bomba hilo, ilegee kiasi cha kuteleza bila kukwama, kisha funga kwa gundi na tepu. Juu iwe na ncha iliyozibwa kabisa, chini mapezi. Mwisho wa pili wa bomba, ng'ambo ya kona, ingizeni kwenye mdomo wa chupa ya maji ya lita moja na nusu, mkaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Chupa inalala chini, bomba linatazama juu, kijana anairukia chupa kwa miguu miwili. Msiunganishe pampu, kwa sababu bomba la plastiki likizidiwa na hewa hupasuka vipande vinavyokata.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wengi hulikosea, nami nililikosea. Redstone ya kweli, iliyombeba Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, tarehe 5 Mei 1961, ilikuwa na mapezi madogo, lakini ilikuwa pia na usukani: mabamba ya kaboni yaliyokaa ndani ya moto unaotoka kwenye injini, yakiugeuza huku na huku ili roketi isiyumbe. Mfano wenu una mapezi hayo hayo madogo na hauna usukani. Kinachoushikilia ni uzito kuwa mbele na upepo kushika nyuma. Uzito ukirudi mkiani, roketi inageuka.

Mwaka juzi nilijenga ya manila, nikaona mbao ya mapezi ina vinyweleo, nikaipaka pati ya magari nikaipiga msasa hadi ikawa laini kama yai. Ilipendeza mno. Ilipaa kufikia kimo cha nguzo ya umeme, ikageuka, ikaja chini ikitanguliza pua, ikachoma ardhi hatua tatu kutoka kwa mjukuu wangu. Nilikaa chini pale pale vumbini, miguu ikiniisha nguvu. Gramu chache tu za pati, mama.

Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi yoyote, afanye hivi. Asokote karatasi iwe na upana wa milimita 18 na urefu wa 70, aijaze mchanga hadi ifike gramu 25. Wauza viungo wa soko la Majengo wana mizani. Huo ni karibu uzito wa injini ya kawaida ya daraja la C (herufi huonyesha nguvu ya injini). Auweke mahali pa injini, kisha aiweke roketi juu ya kidole hadi itulie bila kuinama. Hapo afunge uzi wa mita mbili, aukaze kwa tepu, aizungushe juu ya kichwa mahali peupe. Pua ikitangulia mzunguko mzima, ni salama. Ikipepesuka au ikienda kinyumenyume, abandike plastisini ndani ya ncha kidogo kidogo, akipima upya kila mara. Wapo wanaokuza mapezi badala yake. Mimi sipendi, ukishafanya hivyo si Redstone tena.

Rangi nyeupe na nyeusi iwe nyembamba, apake alfajiri kabla upepo wetu haujaamsha vumbi, halafu arudie kipimo cha uzi. Kurusha ile ya manila ni saa moja asubuhi, uwanja mpana, wadogo wakae nyuma yake hatua kumi na tano. Na siku mtakapopata injini kwa kibali halali, ulizeni kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na msirushe kwenye majani makavu.

SWALI: Mwalimu, mapezi yangu ya balsa, ile mbao nyepesi, yanabanduka kila ninapoyabandika kwa gundi nyeupe. Niko Kongwa, joto kali.

JIBU: Gundi inakauka juu kabla haijaingia kwenye mbao. Paka ukingo wa pezi na mahali litakapokaa, acha vikauke kabisa. Paka tena safu nyembamba, kisha gandamiza na kuhesabu hadi sitini. Mshipa wa mbao uelekee sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, la sivyo litavunjika hata gundi ikishika. Zikipita saa tatu, pitisha gundi kwa kidole kwenye kona zote mbili za kila pezi, roketi ikiwa imelala, uiache ilale hivyo hadi kesho yake.