Nimeokoka, je ni dhambi kwenda kwa mshauri?

SWALI: Shikamoo dada. Mi naishi Makorora, Tanga, nimeokoka na naimba kwaya. Tangu tumzike mama kule Muheza mwezi wa tatu silali, nikilala nashtuka saa nane usiku na ndo mpaka asubuhi, chakula hakipiti, kwaya nimeacha. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke. Nesi wa kliniki kaniambia nikaonane na mshauri wa saikolojia, nikamwambia mzee mmoja wa kanisa akasema mtu wa imani hapeleki shida zake kwa wanadamu, eti nifunge na kuomba. Nimefunga mpaka nimeishiwa nguvu na hali ni ile ile. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na msiba.

Naanza na hilo la kutamani usiamke maana ndo limenishtua. Usibaki nalo peke yako, leo hii hii mwambie mumeo au ndugu unayemwamini, na likikuzidi usingoje kliniki wala usiku uishe, mwamke mtu akupeleke hospitali. Na kufunga simamisha kwanza, mwili usiolala na usiokula hauna cha kutoa tena.

Huyo mzee simlaumu nia yake ila kwa hili nampinga kabisa. Soma 1 Wafalme 19, Eliya katoka kushusha moto Karmeli, nabii mzima, kakaa chini ya mti jangwani anamwomba Mungu amtoe roho. Mungu hakumwambia imani yako haba, alimwacha alale, malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena akaamshwa tena ale maana safari ilikuwa kubwa mno kwake, na mazungumzo yenyewe yakaja baadae kule Horebu. Halafu Luka ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, mbona hakuambiwa aache utabibu?

Na hapa mkoani kwetu tuna Lutindi, kule milimani Korogwe. Wamisionari wa Kilutheri walianza pale mwaka 1896 na makao ya watoto waliookolewa utumwani, miaka michache baadae pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili na mpaka leo iko chini ya KKKT, watu wanapewa dawa, wanafanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba na ibada ipo. Sasa kama kanisa lenyewe limeendesha hospitali ya akili zaidi ya miaka 100, mtu anakuambiaje tiba hiyo ni kukosa imani?

Huzuni ya kufiwa ni ya kila mtu na haina ratiba. Ila kutolala, kutokula, kuacha ulichokuwa unakipenda na kukata tamaa ya kuishi, hayo yakikaa zaidi ya wiki 2 mtaalamu anatakiwa akuangalie kama ni sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni iliyozidi. Mshauri hatakuhubiria wala hatakupangia maisha, atakuuliza unalalaje, unawaza nini ukishtuka ile saa nane, mama alikuwa nani kwako, mtaongea mara kadhaa na ikionekana unahitaji dawa atakupeleka kwa daktari. Siri yako anatunza, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini. Mwambie mapema kwamba wewe ni mtu wa maombi, mshauri mzuri ataheshimu hilo, akikucheka tafuta mwingine. Na vilevile ukipewa dawa halafu mtu akakuambia uzitupe kuonyesha imani, usimsikilize hata awe na cheo gani.

Mchungaji wako bado unamhitaji, kuombewa na kutembelewa ni kitu kikubwa kwa mfiwa, nenda kwake moja kwa moja umweleze usiishie kwa yule mzee. Ila kesho asubuhi anzia Bombo, ile hospitali ya rufaa ya mkoa, nenda na mumeo au dada yako, pale mapokezi sema unataka huduma ya afya ya akili, na hiyo ya kutamani usiamke mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, usiipunguze.