Elise au MX-5 kwa safari za kila siku?

Ndugu, unauliza, ukiwa huko Uingereza, uchukue Lotus Elise ya zamani au Mazda MX-5, yote mawili magari madogo ya spoti ya viti viwili yenye paa la turubai, nawe utaliendesha kwenda kazini kila siku, mvua au jua.

Elise ya kwanza, iliyotoka 1996, ina uzito wa kilo 725 hivi. Fremu yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na usukani hauna pawa, kwa hiyo kila kokoto ya barabarani unaisikia viganjani. Kwenye kona gari linageuka papo hapo, kama limekusoma nia. Raha hiyo ni adimu mno, na kiu yako naielewa kabisa. Lakini kizingiti cha mlango ni kipana na kiko juu. Turubai likifungwa, kuingia ni kujikunja. Fikiria hilo saa 12 asubuhi, una begi mkononi na koti limelowa. Na kwenye barabara kuu kelele zinachosha mapema.

MX-5 ya kizazi cha 2015 ni nzito zaidi, kilo 1,000 na ushee, ila turubai lake unalifunga kwa mkono mmoja ukiwa umeketi. Buti ni dogo, lakini manunuzi ya wiki yanaenea. Nayo bado inasukumwa na magurudumu ya nyuma!

Kama ndilo gari pekee nyumbani, chukua MX-5. Ungekuwa na la pili, ningesema Elise bila kusita. Kabla ya kulipa, omba uliendeshe nusu saa kwenye foleni, mwenzako akiwa kando.